SOMO LETU: SUMU YA CHAKULA HUPITIA KWANZA MIKONONI MWETU



Katika mikutano ya matawi mara nyingi mwenzetu mmoja husimama na kuuliza: "Tukidai glavu, tukidai kuambiwa dawa hii ni ya namna gani, je, mwajiri hatafunga kazi?" Swali hilo ni la haki. Mtu mwenye watoto shuleni hawezi kuchezea mshahara. Kwa hiyo tunaanza somo letu hapo hapo. Je, usalama wa dawa za sumu unaua kazi, au unalinda kazi?

Mambo ya mwaka 1999

Wenzetu wa viwanda vya samaki vya Kampala, Entebbe na Jinja hawajausahau mwaka 1999. Wakati ule wavuvi wachache katika Ziwa Victoria waliona nyavu zinawachelewesha. Wakamwaga majini dawa za kuua wadudu wa shambani. Samaki wakafa, wakaelea, wakaokotwa na kuuzwa. Dawa moja iliyotajwa sana ni endosulfani, ambayo mwaka 2011 mataifa ya Mkataba wa Stockholm yalikubaliana kuiondoa duniani.

Habari zilipoenea, Uganda yenyewe ilisimamisha kupeleka samaki Ulaya mwezi Machi. Mwezi Aprili Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku samaki wa Uganda, Kenya na Tanzania. Malori ya sangara, yule tunayemwita mputa, yakasimama. Viwanda vingine vikafungwa, vingine vikafanya kazi kidogo tu. Wakata minofu, wapakiaji, walinzi na madereva wakarudishwa nyumbani kwa wingi. Kwa Uganda marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo huo. Wenzetu wa Tanzania na Kenya walingoja mpaka mwaka 2000.

Tuyapime mambo haya vizuri. Mfanyakazi aliyesimama mezani na kisu chake hakumwaga sumu ziwani. Lakini yeye ndiye aliyekosa posho na maharage. Kazi hazikuuawa na kanuni za usalama. Ziliuawa na kukosekana kwa usalama. Hilo ndilo jibu letu kwa yule mwenzetu wa mkutanoni.

Ubishi uko wapi?

Waajiri wengi husema: bila dawa hakuna mavuno, na bila mavuno hakuna mshahara. Kuna ukweli ndani yake. Mdudu akila kahawa au mboga, sote tunapata hasara. Sisi hatusemi dawa zote zitupwe. Tunauliza tu: nani anaambiwa ukweli kuhusu dawa hizo, na nani anapimwa?

Kila dawa iliyoruhusiwa ina kipimo cha mabaki yanayoweza kubaki katika chakula. Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakiweka vipimo vya namna hiyo kwa pamoja tangu miaka ya 1960. Dawa ina pia siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna. Msimamizi akiamuru mboga ivunwe kabla ya siku hizo kwisha, mlaji anakula sumu.

Lakini kabla mlaji hajala, kuna aliyechanganya dawa ile kwenye ndoo. Kuna aliyebeba bomba mgongoni likivuja mpaka kiunoni. Kuna mama aliyevuna majani yangali mabichi kwa dawa. Mlaji hupata mabaki. Sisi hupata dawa yenyewe, na tunaipata kila siku ya kazi. Samaki na mboga za kwenda ng'ambo hupimwa kabla ya kupakiwa. Je, katika kazi yako, damu ya mnyunyiziaji hupimwa lini?

Na mlaji wa Owino na Nakawa, naye analindwa na nani? Januari 2018 wakuu wa jiji la Kampala pamoja na polisi walivamia mabucha, baada ya wauzaji wengine kutuhumiwa kunyunyizia nyama formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Mlaji yule ni sisi wenyewe na watoto wetu. Mfanyakazi huipata sumu mara mbili, kazini na mezani.

Sumu inavyoingia mwilini

Ina milango mitatu: ngozi, pumzi na kinywa. Wengi wanaogopa kinywa tu, kumbe kwa mnyunyiziaji mlango mkubwa ni ngozi. Nguo iliyolowa dawa ikivaliwa mchana kutwa, sumu inaingia polepole. Ikifuliwa nyumbani pamoja na za watoto, inawafikia na wao.

Dalili za dawa nyingi za wadudu ni hizi: kichwa kuuma, jasho na mate mengi, kutapika, macho kuona ukungu, mikono kutetemeka. Mwenzako akiwa hivyo, usiseme ni malaria tu. Mtoe penye dawa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali upesi, na uchukue lebo ya dawa ili daktari aione.

Viwandani nako tuangalie. Klorini ya kuoshea sakafu ikichanganywa na asidi hutoa hewa ya sumu. Amonia ya mitambo ya baridi ikivuja huunguza macho na mapafu.

Sheria inasema nini

Katiba ya 1995 inataka ziwepo sheria za kumpa mfanyakazi mahali salama pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Na mfanyakazi ana haki ya kuondoka penye hatari iliyo wazi. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini kati ya haki za msingi za kazi.

Tufanye nini

1. Tusome ukanda wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, manjano ni kali, bluu ni kali kidogo, kijani ina hatari ndogo zaidi. Asiyejua kusoma asomewe.
2. Tukatae dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au isiyo na lebo.
3. Tuandike katika daftari la tawi: tarehe, jina la dawa, nani alinyunyiza, nani aliugua.
4. Glavu, gambuti, sabuni, maji ya kuogea na kupimwa afya viingizwe katika mkataba wa pamoja.
5. Asiseme mtu mmoja. Aseme mwakilishi kwa niaba ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili tawini

Katika kazi yetu dawa gani zinatumika, na nani kati yetu anajua majina yake? Kamati ya usalama ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Tawi lilete majibu yake kwa maandishi katika mkutano ujao.