Uliza Kwanza, Ndipo Utie Sahihi

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma. Kaka yenu ana ugonjwa adimu wa ubongo, daktari anaomba aingie kwenye jaribio la dawa mpya, na mama amekataa katakata: mwanawe hajaribiwi. Msimgombeze mama, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini msikatae wala msikubali kabla ya kuuliza.

Tazama mfano wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na asipotibiwa hufa. Zamani aliyefikia hapo alichomwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Ikaja tiba salama zaidi, ila ilihitaji dripu 14 kwa siku 7 pamoja na vidonge, na mgonjwa alazwe.

Mwaka 2012 likaanza jaribio la vidonge vya feksinidazoli huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa wagonjwa 394. Hakuna aliyeachwa bila dawa: kundi moja lilimeza vidonge siku 10, jingine likapata ile tiba ya dripu. Baada ya miezi 18, vidonge vilikuwa vimefaulu kwa wagonjwa 91 katika kila 100, dripu, 98. Kwa hiyo dawa mpya haikuishinda ya zamani kwa nguvu. Faida yake ni kwamba humezwa tu, baada ya chakula, muuguzi akishuhudia. Aliyezidiwa sana bado hupewa dripu. Haya yamejulikana kwa sababu kuna waliokubali, na kuna waliopima kwa uaminifu.

Basi nendeni kwa daktari na maswali haya. Asiyepangiwa dawa mpya atapewa nini? Madhara gani yameshaonekana? Kaka akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama za nani? Akitaka kujitoa katikati, ataendelea kutibiwa kama kawaida? Kamati ya maadili imeliidhinisha jaribio hili? Ombeni fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, mkaisome nyumbani bila haraka. Anayewaharakisha mtie sahihi papo hapo, muogopeni.

Na kaka mwenyewe aulizwe. Maadamu bado anaelewa, neno lake ndilo la kwanza. Mama aende nanyi, aulize kwa kinywa chake yote yanayomtia hofu. Akijibiwa akaridhika, kubalini kwa moyo mmoja. Asiporidhika, kukataa nako ni haki yenu.