Baridi ya Meru na jiko la peleti: Mlaji aanze na nishati, chombo kifuate

BARIDI inapoingia mkoani Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, mkaa hubadilika kazi. Mkaa ule ule uliokuwa ukiishia jikoni huanza kuingia sebuleni, na katika baadhi ya nyumba za mteremko wa Mlima Meru huingia hadi chumba cha kulala. Hapo ndipo hesabu ya soko inapogeuka kuwa hesabu ya uhai. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kuishtukia.

Mlaji anayetafuta njia nyingine ya kupata joto hukutana na jiko la peleti. Ni chombo kizuri kikifungwa inavyotakiwa, lakini kina masharti mengi kuliko wauzaji wanavyopenda kueleza. Anayekwenda dukani kuuliza bei ya jiko kabla ya kuuliza bei ya peleti anaanzia mkiani.

Peleti ni unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa mashine hadi ukawa vipande vya duara vyenye unene wa milimita 6 au 8. Aliyewahi kuona chakula cha mifugo cha vidonge ameshaona umbo lake, na hata mashine ni za ukoo mmoja. Peleti nzuri haihitaji gundi, kwani joto la kushindilia hulainisha kitu cha asili kilichomo ndani ya mbao na kushikanisha unga. Unyevu wake hauzidi asilimia 10, na ndiyo sababu huwaka kwa moshi kidogo kuliko kuni.

Malighafi haiko mbali. Shamba la Miti la Meru/Usa, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), lina miti ya paina na saipresi, na kila gogo linalopasuliwa huacha vumbi. Upande wa Moshi kuna maganda ya kahawa na pumba za mpunga. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba malighafi zote ni sawa. Mbao ya paina iliyomenywa gome huacha majivu yasiyofika asilimia 1, wakati pumba za mpunga huacha karibu asilimia 20. Jiko lililotengenezwa kwa peleti za mbao likilishwa za pumba litaziba kabla ya usiku kwisha.

Majiko mawili tofauti

Neno “jiko la peleti” sokoni hubeba vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta hasara na hatari.

La kwanza ni jiko dogo la kupikia. Peleti hujazwa ndani ya kopo la chuma na kuwashwa kwa juu. Moto hushuka taratibu, gesi inayotoka kwenye peleti hupanda na kuungua chini ya sufuria. Mengine yana feni ndogo ya betri. Jiko Bomba, lililotengenezwa Arusha na kampuni ya Kiwia & Laustsen, ni la ukoo huu. Jiko la namna hii halina bomba la moshi, hivyo mahali pake ni jikoni penye dirisha wazi au kibarazani.

La pili ni la kupashia nyumba joto. Lilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970, na leo hutumika sana Italia. Lina tangi la peleti, skrubu inayozungushwa na mota kulisha moto kidogo kidogo, chungu cha moto, feni inayosukuma moshi nje kupitia bomba, na feni ya pili inayopuliza hewa ya moto chumbani. Yote hayo huendeshwa kwa umeme.

Jiko la kwanza halifanyi kazi ya la pili. Miali inapozima katika jiko la kupikia, chini hubaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Mtumiaji hudhani kazi imekwisha na kwamba ni joto la bure, kisha hulibeba hadi chumbani. Makaa hayo ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, sawa na jiko la mkaa la kawaida. Yanatakiwa kumwagwa nje kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, yakosekane hewa hadi yazime. Mkaa unaobaki unaweza kutumika siku nyingine, lakini nje.

Hesabu ya kilo

Mkaa Arusha huuzwa kwa gunia, debe na kopo, yaani kwa ujazo, wakati peleti huuzwa kwa kilo. Ndiyo maana walaji wengi hushindwa kulinganisha. Njia ni moja: kupima debe la mkaa kwenye mizani, kugawa bei kwa kilo, na kuendelea kutoka hapo.

Kilo moja ya mkaa ina joto la megajuli zipatazo 29, na kilo ya peleti za mbao megajuli 17. Kwa hesabu hiyo tu mkaa unashinda. Lakini jiko la mkaa la bati hufikisha kwenye sufuria chini ya asilimia 20 ya joto hilo. Lililoboreshwa kwa udongo hufikisha kati ya 25 na 30. Jiko la peleti lenye feni hufika karibu 40. Matokeo yake, kwa mwenye jiko la bati, kilo ya peleti hufanya kazi ya kilo moja na robo ya mkaa. Kwa mwenye jiko lililoboreshwa, peleti lazima iwe na bei pungufu kwa moja ya nane ndipo apate nafuu. Muuzaji anayeahidi kwamba matumizi yatapungua kwa nusu kwa kila mteja hajauliza mteja anapikia nini sasa.

Kwa joto la sebuleni hesabu ni nyingine. Kilo ya peleti ndani ya jiko zuri la kupashia nyumba hutoa joto linalolingana na uniti 4 za umeme. Mwenye nyumba anaweza kuzidisha bei ya uniti anayolipa kwenye LUKU kwa 4 na kuilinganisha na bei ya kilo. Jiko likiwa moto mdogo hula kama gramu 800 kwa saa. Kwa saa 4 kila jioni, siku 92 za Juni hadi Agosti, zinahitajika takriban kilo 300, yaani mifuko 20 ya kilo 15. Mzigo huo hujaza nusu ya mita moja ya ujazo na lazima ukae pakavu, kwani peleti iliyopata maji hufumuka na kurudi kuwa unga.

Ufungaji: kazi kubwa iko kwenye bomba

Jambo la kwanza ni umeme. Jiko lililotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, na likichomekwa kwenye volti 230 za TANESCO litaungua siku hiyo hiyo. Bei ya chini ya majiko yaliyotumika isimvute mtu kabla hajasoma kibandiko cha nyuma. Majiko ya Ulaya yanakubali umeme wa hapa, lakini plagi yake ya pini mbili za duara ibadilishwe na fundi ili waya wa ardhini ufanye kazi. Stebilaiza nayo ni ya lazima, kwa kuwa kibao cha elektroniki ndicho sehemu ghali kuipata tena.

La pili ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika wakati moto unawaka, feni ya moshi husimama na moshi hutafuta njia ya karibu, ambayo ni chumbani. Dawa yake ni bomba linalopanda wima juu ya paa, kwa sababu moshi wa moto hupanda wenyewe hata bila feni. Mafundi wengi hupendelea kutoboa ukuta na kutoa bomba fupi kwa ubavu, maana ni kazi ya saa moja na halivuji mvua. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, huo ni ufungaji wa kukataliwa. Betri na inveta ya kuendesha feni kwa nusu saa ni nyongeza nzuri, lakini haichukui nafasi ya bomba la wima.

Bomba lenyewe lisiwe la bati la zinki la kawaida, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu na bati huliwa haraka. Linafaa la chuma kisichopata kutu. Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. La kuta mbili, lililotengenezwa kwa majiko ya peleti, hukubali sentimita 7.5. Hapa nyumba za mlimani zina tatizo la pekee. Nyingi zina kenchi na dari za mbao, nyingine kuta za mbao tupu, na bomba likipita kwenye dari bila kola ya chuma na nafasi ya hewa, mbao hukaushwa msimu baada ya msimu hadi siku moja ishike moto yenyewe. Kwenye mabati ya paa, mdomo wa bomba uzidi kilele kwa walau sentimita 60 na uwe na kofia, kwani upepo unaoshuka mlimani usiku unaweza kurudisha moshi ndani. Chini kabisa kuwe na kiungo chenye kizibo cha kufungua ili masizi yatolewe.

Kuna jambo la tatu ambalo kitabu cha maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji kama Ng'iresi vimepanda zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi kuliko ya pwani, hivyo jiko lililopimwa kwa nchi za chini hupata peleti nyingi na hewa kidogo. Dalili zake ni mwali wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi na kioo kinachojaa masizi kwa jioni moja. Fundi aongeze kasi ya feni ya moshi au apunguze ulishaji hadi mwali uwe mweupe na mchangamfu. Asiyejua kufanya hivyo hajamaliza kazi, hata kama jiko linawaka.

Kengele ya kaboni monoksidi ifungwe katika chumba chenye jiko na katika chumba cha kulala kilicho jirani. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili au watatu kwa wakati mmoja si malaria ya nyumba nzima: watoke nje wote kwanza, kisha waende hospitali.

Matumizi ya kila siku

Chungu cha moto husafishwa kila siku kabla ya kuwasha, kikiwa baridi. Majivu hutolewa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kuwekwa nje, juu ya udongo, kwa siku nzima au zaidi kabla ya kwenda mgombani. Petroli na mafuta ya taa havitumiki kuwashia hata siku moja. Kuzima ni kwa kitufe, siyo kwa kuchomoa plagi, ili feni iendelee kutoa moshi hadi jiko lipoe.

Peleti hupimwa kwa glasi ya maji. Iliyo nzuri huzama na kuyeyuka kuwa unga baada ya dakika chache. Inayoelea haikushindiliwa vya kutosha. Vumbi jingi chini ya mfuko ni dalili nyingine mbaya, kwa kuwa huziba skrubu. Anayetengeneza mwenyewe kwa vumbi la karakana asichanganye mabaki ya mbao zilizopakwa rangi wala ya nguzo zilizotiwa dawa, ambazo baadhi yake hubeba arseniki. Wafanyabiashara wenye maghala nao wana lao: rundo kubwa la peleti hutoa kaboni monoksidi hata bila kuwaka, na ghala lifunguliwe lipate hewa kabla ya mtu kuingia.

Nani atauza peleti mwakani?

Swali hili ndilo litakaloamua kama jiko litabaki kuwa jiko au litakuwa meza ya televisheni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na lengo hilo linaweza kuvuta wawekezaji wengi kwenye biashara hii. Lakini wawekezaji huja na kuondoka. Nchini Rwanda kampuni ya Inyenyeri, iliyokuwa Gisenyi, ilikuwa na mpango uliosifiwa sana: jiko lilikodishwa, mapato yakatoka kwenye peleti, na familia za vijijini zilileta kuni kubadilisha na peleti. Kampuni hiyo ilisimamisha shughuli mwaka 2020. Jiko la peleti halipokei mkaa wala kuni.

Kwa hiyo mnunuzi wa Arusha hana budi kutafuta wauzaji wawili wa peleti wasiotegemea mashine moja, na kuuliza kila mmoja anakopata vumbi. Akiwa na mmoja tu, bei ni ya muuzaji. Wakati mzuri wa kununua mzigo wa msimu ni Januari na Februari, kabla ya masika, vumbi la viwandani likiwa kavu na barabara za Ngaramtoni na Tengeru zikipitika. Anayesubiri Juni atanunua peleti zilizosafirishwa kwenye mvua, na pengine atazikuta zimeshakuwa unga ndani ya mfuko.