Haki ya Wazazi Wakati wa Mchana

Ndugu zetu Waislamu, somo letu safari hii ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani wamekwisha kulitimiza, nalo ni kuwatunza wazazi waliofikia ukongwe. Hatusemi juu ya yule aliyewatupa wazazi wake, kwani hukumu yake yajulikana na kila mtu. Twasema juu ya mtoto mwema, alalaye nyumba moja na mzazi wake, amlishaye na kumvisha, kisha asubuhi hutoka kwenda kazini. Swali letu ni hili: tangu atoke hata arudi, mzee yuko na nani?

Tulikwenda Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, tukapita kumjulia hali mzee mmoja. Mlango tuliukuta umefungwa kwa kamba kwa nje, ili asitoke akapotea. Ndani alikuwa peke yake kitandani. Maji yake yalikuwamo kikombeni, lakini kikombe kilikuwa juu ya meza, mahali ambapo mkono wake haufiki. Bintiye alikuwa baharini katika shamba lake la mwani. Aliporudi akatukuta, alilia kwa haya. Wala hakuwa mtu mbaya, kwani chakula cha nyumba ile chatoka katika mwani ule.

Kazi za Mkwiro hazimngojei mtu. Siku za bamvua maji hukupwa sana yapata saa nne ya asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kufunga mwani na kutafuta pweza. Wavuvi wamekwisha kutoka tangu alfajiri. Vijana wamevuka Shimoni kuwapakia wageni waendao Kisite, au wako katika mahoteli ya Diani, wasirudi ila siku za likizo. Zamani nyumba ilikuwa na shangazi, mkaza mwana na jirani. Mmoja akitoka, mwingine hubaki. Leo pengine abakiye ni mtoto wa kike aliyezuiliwa asiende shule. Basi haki ya mzee hulipwa kwa kumdhulumu mjukuu.

Na saa hizo si chache kwa mkongwe. Yeye hasikii kiu kama kijana, huweza kupungukiwa na maji mwilini bila ya kulalamika. Akianguka adhuhuri, hulala chini hata arudi mtu. Mwenye dawa za shinikizo la damu au za sukari hupitiwa na saa yake, au humeza mara mbili kwa kusahau. Asiyeweza kujigeuza akiachwa kutwa kwa ubavu mmoja, hupata vidonda.

Sasa tuitazame amri. Katika Suratul-Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameambatisha wema kwa wazazi na ibada yake mwenyewe, akakataza hata mguno wa kuchoka nao. Wala hakutaja uzee tu, bali uzee unaowafika hali wako “indaka”, yaani kwako. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ruhusa ya kwenda jihadi. Mtume akamwuliza kama wazazi wake wa hai; aliposema ndiyo, akamwamuru jihadi yake aifanye katika kuwatumikia.

Watu wengine watasema: Kumpeleka mzee kwa wengine mchana ni desturi ya kigeni, na ni kumtupa. Twajibu kwamba yapasa kupambanua mambo mawili. Katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, kule Unguja, mzee huhamia akaishi, na hiyo ni rehema kwa asiye na jamaa. Sisi twasema juu ya nyumba ya kushinda, si ya kuhamia. Wajapani, wajulikanao kwa kuwaheshimu wazee, wana sheria ya bima ya utunzaji iliyoanza kazi mwaka 2000, ambayo watu huichangia tangu umri wa miaka 40. Gari humchukua mzee asubuhi. Huogeshwa, hula, hunyoosha viungo, na jioni hurudishwa kwake. Basi amebaki “kwako”, na mchana wake umepata mlinzi. Wasini hapana magari, lakini kutoka nyumba hata nyumba si mbali, na asiyeweza kwenda hubebwa kwa kiti.

Lakini nyumba hiyo ina masharti. Kwanza, mzee aulizwe, na aridhie. Pili, wanaume wahudumiwe na wanaume, na wanawake na wanawake, ili sitara ihifadhiwe. Tatu, mtunzaji awe mtu mzima, alipwe, na ajue saa za dawa. Nne, mzee asiwe kama mzigo uliowekwa ghalani. Awasikilize watoto Kurani, awafundishe majina ya samaki kwa Kivumba, asuke ukili akipenda. Tano, jioni aje mwanawe mwenyewe kumchukua, asitume mtu.

Ama fedha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Serikali hutoa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyeandikishwa wa miaka 70 na zaidi. Hizo hazifiki shilingi 67 kwa siku, wala hazitoshi kumwajiri mtu. Lakini nyumba kumi zikitoa shilingi 50 kila moja, ni shilingi 500 kwa siku. Wala mtoto mwenye uwezo asihesabu mchango huo kuwa zaka yake, kwani nafaka ya mzazi mhitaji ni wajibu juu yake. Zaka ya wengine yaweza kumfikia mzee fukara, na nyumba yenyewe yaweza kuwekwa wakfu.

Na asiseme mtu kwamba hatuna. Mzee akifa, twakopa kuchinja ng'ombe wa arubaini, na mji wote hula ukashiba. Alipokuwa hai, hakupata wa kumsogezea kikombe cha maji. Fedha hizo tuzitoe mapema, naye aonje mwenyewe.

Kesho saa nne ya asubuhi, kila mmoja wetu ajiulize alipo mzazi wake, na nani yuko naye. Wallahu aalam.