Folda ya Mahesabu Imekataa Kufunguka? Usiifungulie Kila Mtu

Wateja wetu wengi wenye biashara hupakua taarifa ya miamala ya till kila mwisho wa mwezi na kuiweka kwenye kompyuta pamoja na rekodi za mauzo. Mara nyingi kompyuta moja iko dukani mbele, na laptopu ya kufanyia mahesabu iko ndani ya nyumba, zote kwenye Wi-Fi moja. Ukishirikisha folda, huna haja ya kukimbizana na flashi. Shida huanza siku laptopu inaposema huna ruhusa.

Hapo wengi huchukua njia ya mkato: wanampa "Everyone" ruhusa ya "Full Control", kisha wanazima ulinzi wa nenosiri. Folda inafunguka, ndiyo. Lakini imefunguka pia kwa mgeni, kwa jirani uliyempa Wi-Fi na kwa yeyote mwingine aliye kwenye mtandao huo. Hebu tutafute tatizo hatua kwa hatua, kwa kompyuta za Windows 10 na 11.

1. Haionekani, au inakataa?

Haya ni matatizo mawili tofauti. Kwenye laptopu, fungua File Explorer. Pale juu kwenye sehemu ya anwani, andika \\ ikifuatwa na jina la kompyuta ya duka, kwa mfano \\DUKA. Ikikuomba jina na nenosiri, au ikisema huna ruhusa, basi kompyuta zinaonana; nenda hatua ya pili.

Isipopatikana kabisa, hakikisha hakuna iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni. Kisha angalia mipangilio ya Wi-Fi kwenye kompyuta ya duka. Kama mtandao umewekwa "Public", ubadilishe uwe "Private", na uwashe "Network discovery" na "File and printer sharing". Fanya hivi kwa mtandao wa nyumbani pekee, usifanye kwa Wi-Fi ya hoteli au ya mkahawa.

2. PIN si nenosiri

Hapa ndipo wengi hukwama. PIN unayofungulia Windows hutumika kwenye kompyuta hiyo hiyo tu. Haipiti kwenye mtandao. Laptopu inataka jina na nenosiri la akaunti iliyoko kwenye kompyuta ya duka, yenye folda. Na kama akaunti hiyo haina nenosiri, Windows kwa kawaida huikataa.

Suluhisho safi ni kufungua akaunti nyingine kwenye kompyuta ya duka, tuiite "mahesabu", na kuipa nenosiri lake. Usitumie tarakimu za PIN yako ya pesa.

3. Folda ina milango miwili

Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha "Properties". Mlango wa kwanza ni "Sharing": ingia "Advanced Sharing", halafu "Permissions". Mlango wa pili ni "Security". Anayeingia kupitia mtandao lazima apite yote miwili, na ule mkali zaidi ndio unaoamua. Ukimpa mtu "Change" mlango wa kwanza lakini "Read" tu mlango wa pili, atasoma lakini hataweza kuhifadhi alichobadilisha.

Kwa hivyo, weka akaunti "mahesabu" pande zote mbili: "Change" kwenye Sharing, "Modify" kwenye Security. Kisha mwondoe "Everyone" kwenye Sharing. Usiguse "Deny" kwa kubahatisha, maana kwa kawaida hushinda "Allow".

4. Bado inakataa?

Huenda laptopu inatumia nenosiri la zamani ililohifadhi. Tafuta "Credential Manager", ondoa rekodi ya kompyuta ya duka, uzime laptopu na kuiwasha tena, kisha uingie upya.

Kwa nini tunasisitiza haya? Taarifa ya miamala ina taarifa za wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Pia, virusi vya kufunga mafaili na kudai malipo vikiingia kwenye kompyuta yenye ruhusa ya kuandika, vinaweza kufunga folda nzima ya mtandaoni. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kupitia SMB1, njia ya zamani ya kushirikisha mafaili. Ukishauriwa uiwashe ili folda ifunguke, kataa. Weka nakala ya mahesabu kwenye flashi, na uichomoe ukimaliza.

Mwisho, jaribu mara mbili. Kwa laptopu yako: fungua faili, badilisha kitu, hifadhi. Halafu tumia kifaa kingine kilicho kwenye Wi-Fi hiyo, bila nenosiri la "mahesabu". Cha kwanza kikikubali na cha pili kikikataliwa, umemaliza kazi.

Kumbuka: hatutakupigia simu kamwe kukuomba PIN wala nenosiri. Usiziandike ndani ya folda hiyo pia.