Mtoto asiye na wa kumkimbilia

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akidungwa sindano kliniki, hulia na kumgeukia aliyemleta. Akibebwa na kubembelezwa hunyamaza, na baada ya dakika chache hurudi kucheza. Wazazi wengi hudhani huko ni kudeka. La, hasha! Hiyo ni dalili njema.

Lakini mara nyingine huletwa mtoto ambaye hata akiumia hamtafuti mtu. Hulia peke yake, au halii kabisa. Mwingine humfuata yeyote, hata mgeni aliyekutana naye mlangoni. Mtoto wa aina hii humtia daktari wasiwasi.

Tangu kuzaliwa, mtoto huhitaji watu wachache wale wale wa kumshughulikia kila siku. Afikapo miezi sita au saba hivi, huanza kuwatofautisha waziwazi na wageni. Kwa kuwa anajua pa kurudi, hupata ujasiri wa kutambaa mbali, kushika vitu na kujifunza.

Mtaalamu Mary Ainsworth alichunguza jambo hili hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1954 na 1955 aliwatembelea akina mama na watoto wao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda. Aliona kwamba watoto ambao mama zao walizifahamu vyema haja zao walikuwa watulivu zaidi.

Je, uhusiano huu ukikosekana? Jibu lilipatikana Romania. Baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka mwezi wa Desemba 1989, ulimwengu uliona maelfu ya watoto katika makao ambamo mlezi mmoja alihudumia watoto wengi. Walilishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu, lakini hapakuwa na mtu waliyeweza kumwita wao.

Kuanzia mwaka wa 2000, watafiti walifuatilia watoto 136 wa makao hayo jijini Bucharest. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kulelewa katika familia. Walipofika miaka minne na nusu, waliopewa familia walipata wastani wa alama 81 katika vipimo vya akili, na wenzao 73. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi.

Sababu ni kwamba ubongo hukua kwa kasi sana miaka hiyo, nao hukua kwa kuchekewa, kusemeshwa na kubembelezwa. Mtoto akikosa haya aweza kuchelewa kuongea, kukosa makini darasani, kushindwa kutuliza hasira na kutomwamini mtu. Wengine hata hawaongezi uzani ipasavyo ijapokuwa wanalishwa.

Mama unayefanya kazi, usijilaumu. Kazi yako si kosa. Yaya mwema akidumu, mtoto humzoea yeye na wewe pia. Hatari ni kubadilisha yaya kila mwezi, mtoto akazoea na kupoteza, akazoea na kupoteza.

Kwa hivyo, zingatia haya. Kwanza, yaya akitaka kuondoka, mwombe akae siku kadhaa pamoja na mgeni wake. Pili, usimtoroke mtoto asubuhi. Muage, hata akilia. Tatu, urudipo jioni, mpe nusu saa yake bila televisheni wala simu. Nne, mtoto mchanga akilia, mbebe. Haharibiki kwa "kuzoea mikono". Tano, ukimpeleka kwa nyanya yake mashambani, asihamishwe huku na huku; na umtembelee mara kwa mara. Baba, haya yote yakuhusu pia.

Mama aliyejifungua akiwa na huzuni inayozidi majuma mawili, amwone daktari. Huo ni ugonjwa wenye tiba, na mama asipotibiwa mtoto naye huumia.

Ukiona mtoto wako hatafuti faraja, hakutazami machoni au hageuki aitwapo, usimtibu kwa kukisia. Huenda ikawa ni masikio, usonji au jambo jingine. Mlete apimwe mapema.

Na wewe uliyemchukua mtoto aliyepitia upweke, usikate tamaa. Huenda akakusukuma mbali kwa miezi mingi. Kaa pale pale. Kuanza mapema ni bora, lakini mtoto hufaidika na mlezi wa kudumu hata akimpata akiwa ameshakua.