Obama Kabla ya Ikulu: Majibu kwa Barua Zenu

Si hotuba moja tu ya Boston iliyompa Obama useneta wa Marekani?

Barua za namna hii zimetoka Kisumu, Tanga hadi Bujumbura. Nazijibu kwa pamoja, maana uzushi huu unaniudhi kuliko wote.

Tazameni tarehe. Kura za mchujo za chama cha Democratic jimboni Illinois zilipigwa 16 Machi 2004. Wagombea walikuwa saba, akiwemo tajiri Blair Hull, aliyemwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe, na Dan Hynes, aliyebebwa na vigogo wa chama. Obama alipata zaidi ya nusu ya kura zote. Hotuba ya Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama, aliitoa 27 Julai, miezi minne baadaye. Alipandishwa jukwaani kwa sababu alikwisha kushinda mchujo.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Hull aliharibiwa na habari za talaka yake. Jack Ryan wa Republican naye akajitoa mwezi Juni, talaka tena, na Alan Keyes aliyeletwa kutoka Maryland akaambulia asilimia 27 mwezi Novemba. Lakini Hull alipoporomoka, wagombea wengine walikuwepo pia. Kwa nini kura zilimwendea Obama? Kwa sababu tangu Januari 1997 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, na alikuwa na kazi ya kuonyesha.

Alizaliwa Kenya?

Honolulu, 4 Agosti 1961. Msiniandikie tena kuhusu hili.

Seneti ya Illinois ndiyo hiyohiyo ya Washington?

Hapana. Anayeijua tofauti ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar na Bunge la Muungano ameshaelewa.

Huko Springfield, makao makuu ya Illinois, alifanya nini hasa?

Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa upande wa wachache, na miswada yake mingi iliishia kwenye makabati. Januari 2003 Democratic wakashika wingi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, naye akamkabidhi Obama miswada mizito.

Mmoja nautaja kila nipatapo nafasi. Illinois ilikuwa imegundua kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo hawakustahili hukumu ile, wengine wakiwa wamelazimishwa kukiri. Obama akataka mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi walikataa, waendesha mashtaka walikataa. Akaketi nao, kifungu kwa kifungu, hadi wakakubali. Gavana Rod Blagojevich, ambaye awali aliupinga, akautia saini mwaka huohuo. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Kazi hiyo haina shangwe, ndiyo maana hamuiulizii.

Ni kweli aliwaengua wapinzani wake wote kwenye mchujo wa Seneti ya Illinois mwaka 1996?

Kweli. Watu wake walikagua fomu za udhamini sahihi moja baada ya nyingine: huyu hakuandikishwa, yule anaishi nje ya eneo. Wapinzani wote waliondolewa, hata Alice Palmer aliyekuwa akishikilia kiti hicho. Sheria iliruhusu. Lakini wakazi wa South Side ya Chicago walinyimwa nafasi ya kuchagua kwenye mchujo, na hilo silipambi.

Aliwahi kushindwa?

Mwaka 2000, vibaya. Aligombea ubunge wa Marekani dhidi ya Bobby Rush, akapata kama nusu tu ya kura za mwenzake. Akarudi Springfield kwenye kamati zake.