Amana ya Usiku: Mafunzo Matatu Kutoka Vituo vya Falaki



Ndugu zangu wasomaji, katika mihadhara yetu tunapenda kutaja mchango wa Waislamu katika elimu ya falaki. Hutajwa nyota zenye majina ya Kiarabu, hutajwa astrolabu, ukumbi hujibu takbiri, na mada huishia hapo. Mimi ninayesoma Elimu za Kiislamu nimeona kwamba tunawasifu sana watu, lakini taasisi zao tunazisoma kidogo. Nasir al-Din al-Tusi alikuwa mtu mmoja. Kilichomwezesha ni kituo: jengo, ala, fedha, madaftari na wenzake wa kujadiliana nao. Katika somo hili tutazame vituo hivyo kwa mambo matatu, yaani uendeshaji, data na mikutano, kisha tuone sisi wanafunzi tunapata nini humo.

1. Uendeshaji: nani anaulipia usiku?

Falaki ni kazi ya subira. Sayari ya Zohali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka jua, na anayetaka kuiona njia yake yote hana budi kuitazama kwa muda huo. Al-Tusi alilijua hilo alipoanzisha kituo cha Maragha, kaskazini-magharibi ya Iran, mwaka 1259. Inasimuliwa kwamba alimweleza mtawala wa Kimongolia, Hulagu, kuwa kazi kamili inahitaji miaka 30, naye Hulagu akataka imalizike kwa 12. Hulagu alifariki mwaka 1265, kabla ya majedwali kukamilika. Lakini kazi haikuzikwa naye, kwa kuwa kituo kiliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Al-Tusi mwenyewe alipofariki mwaka 1274, mwanawe Sadr al-Din alishika usimamizi.

Linganisheni na Istanbul. Mwaka 1577 Taqi al-Din alikuwa na kituo chenye ala bora za zama zake. Mwaka 1580 kilibomolewa kwa amri ya Sultani Murad III, ambaye ndiye aliyeruhusu kijengwe. Wanahistoria wanajadili sababu zake, za siasa na za dini, lakini funzo liko wazi: kilichosimama kwa ridhaa ya mtu mmoja huanguka ridhaa hiyo inapoondoka.

Vituo vya leo vinakabiliwa na swali lile lile. Kituo cha Vera C. Rubin kilichoko mlima wa Cerro Pachón nchini Chile kilionesha picha zake za kwanza Juni 2025. Kina kioo chenye upana wa mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, na mpango wake ni kuipiga picha mbingu yote ya kusini tena na tena kwa miaka 10. Kazi kama hiyo haiwezi kutegemea furaha ya kiongozi wa mwaka huu. Inahitaji bajeti ya muda mrefu, mafundi wa kusafisha vioo, na watu wa kukesha zamu. Haya ndiyo yasiyotajwa kwenye mihadhara, na bila haya hakuna elimu.

2. Data: jengo hufa, daftari husafiri

Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, alijenga kituo katika miaka ya 1420. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la kupimia, nusu kipenyo chake kikiwa karibu mita 40. Mwaka 1437 majedwali yake yalitoka yakiwa na orodha ya nyota 1,018. Mwaka 1449 aliuawa, na mwanawe mwenyewe akiwa nyuma ya mauaji hayo. Kituo kikawa magofu, na hata mahali kilipokuwa pakasahauliwa mpaka wachimbaji walipoyafukua mabaki yake mwaka 1908.

Lakini majedwali hayakusahauliwa. Mwanafunzi wake, Ali Qushji, aliondoka na elimu hiyo na hatimaye akafika Istanbul. Mwaka 1665 orodha ya nyota za Ulugh Beg ilichapishwa Oxford, Uingereza. Jengo lilikufa, ila data ziliishi kwa sababu ziliandikwa, zikanakiliwa, zikapewa wengine.

Hapa nataka wenzangu wa fani ya hadithi wanisikilize. Sisi tunafundishwa kuwa matini bila isnadi haina nguvu. Wanafalaki nao wana kitu kinachofanana na isnadi. Faili la picha ya darubini halibebi picha tu. Hubeba pia taarifa za saa ilipopigwa, darubini, kamera, kichujio na muda wa kuipokea nuru. Picha nzuri isiyo na taarifa hizo inafaa kupambia ukuta, haifai kujengea hoja.

Na baada ya isnadi kuna kutoa. Katika vituo vingi, mtafiti aliyepewa muda wa darubini huachiwa data zake peke yake kwa kipindi maalumu, aghalabu mwaka mmoja, kisha zinafunguliwa kwa wote. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kilirushwa Desemba 2013 na kikamaliza uangalizi wake Januari 2025. Toleo lake la tatu la data, la Juni 2022, lina nyota karibu bilioni 1.8, na mwanafunzi yeyote wa Kampala, Kigali au Bujumbura mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua bila malipo. Mlango uko wazi. Tunaokosekana ni sisi.

3. Mikutano: hoja mbele ya jina

Al-Kashi, mmoja wa wanahisabati wa Samarkand, alimwandikia baba yake barua zilizobaki hadi leo. Anaeleza vikao ambamo mas'ala magumu yaliwekwa mbele ya wote na kujadiliwa, na mtawala mwenyewe akishiriki kama mwanachuoni.

Leo Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ulioanzishwa 1919, huitisha mkutano mkuu kila baada ya miaka mitatu. Mkutano wa Agosti 2024 ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Na katika kugawa muda wa darubini ya Hubble, tangu 2018 wanaopima maombi hawaoneshwi majina ya waombaji. Katika isnadi tunalichunguza jina ili tujue kama habari inaaminika. Hapa jina linafichwa ili hoja isibebwe na umaarufu. Njia ni mbili, lengo ni moja: kuilinda haki ya elimu.

Nasi je?

Kila inapokaribia Ramadhani na Shawwal, kampasi hugawanyika kuhusu mwandamo. Huyu ana ujumbe wa simu, yule ana habari za nchi fulani, na wachache sana walitoka kutazama. Napendekeza jumuiya yetu ianzishe Daftari la Mwandamo. Jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi wa Hijria, miezi yote 12, watu wawili watoke na waandike: mahali, saa ya kuzama jua, hali ya mawingu, walitazama kwa dakika ngapi, waliona au hawakuona.

"Hatukuona" nayo ni data. Katika miaka ya 1930 Mfaransa André Danjon alichambua taarifa za watazamaji na kufikia kwamba mwezi ulio chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua hauonekani. Asingefika hapo kama watu wasingeandika.

Daftari halitatoa fatwa. Hukumu ya kufunga na kufungua itabaki kwa wenye mamlaka nayo. Litakalotupa ni ushahidi wetu wenyewe. Sisi tutahitimu na kuondoka, na watakaotufuata watakuta kumbukumbu badala ya mabishano.

Maswali ya halaqa:
1. Ni kazi ipi ya jumuiya yetu itakayokufa kiongozi wake akihitimu? Iwekewe msingi gani?
2. Isnadi na taarifa za faili la darubini zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?
3. Nani atashika daftari mwezi huu?

Wabillahi tawfiq.